Sabuni ya Kopo Dogo

Mjukuu wangu Hafidh ana tabia moja siipendi. Akitaka kufungua kitu, anakuja kukifungulia kwenye meza yangu ya chakula. Kwao Mikocheni meza ipo, naijua, nimeinunua mie. Lakini simu ikizima, feni ikigoma, safari ni ya Tegeta kwa Bibi. Sasa Jumamosi moja kaja na mfuko mweusi, kafungua zipu, katoa bunduki. Nikasimama.

"Shikamoo Bibi. Kaa, Bibi, usiogope. Ya kuchezea hii. Inatema vidonge vya rangi. Tunavaa miwani, tunalengana, ukipakwa rangi unatoka nje ya mchezo."

"Marahaba. Na ndevu zote hizo, ndicho mnachofanya siku za mapumziko?"

"Mazoezi, Bibi."

Akaifungua mpini palepale, skrubu zikatapakaa kwenye kitambaa changu cha meza. Akatoa kichupa cha mafuta. Nikamuuliza anatafuta nini humo ndani. Akasema anailainisha triga, kile kidude cha kufyatulia. Eti ikiwa nzito, ukivuta mkono unatikisika na shabaha inapotea. Ikiwa laini unagusa tu, imeshalia. Kajifunza kwenye simu.

Kile kichupa kilikuwa cha mafuta ya cherehani, na harufu yake ilishanifika. Mie mtu mzima, nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kumtetemekea ofisa yeyote aliyeingia dukani kwangu na faili kwapani. Lakini harufu ile ilinirudishia woga. Woga uleule wa siku za Iddi, nikiwa nimevaa gauni la marinda nyuma ya turubai, nasubiri kuitwa.

Baba yangu alikuwa fundi. Sie tulikaa Temeke, vyumba viwili na uani, na uani ndipo palipokuwa karakana yake. Alitengeneza majiko ya mafuta ya taa, yale ya pampu, alitengeneza kufuli na miavuli. Kuna mtu alimletea bunduki ya upepo itengenezwe, akaondoka, hakurudi tena. Baba alimngoja muda mrefu kwa uaminifu kabisa, kisha akaacha kumngoja. Akatafuta turubai, akachonga rafu ya mbao, akakusanya makopo, na kuanzia hapo kila sikukuu alikuwa na kibanda cha shabaha kiwanjani, katikati ya wauza vigari vya kuchezea na bembea za mbao.

Risasi zake zilikuwa vipande vya kandambili kuukuu, kavikata duara kwa bomba lenye makali. Haviumizi. Vinaangusha kopo tupu, basi. Ukiangusha kopo la maziwa unapata peremende. Ukiangusha la rangi ya viatu unapata biskuti. Na juu kabisa, peke yake, palikuwa na kopo dogo la nyanya, na mbele yake sabuni.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini vijana wakisoma watashangaa. Sabuni! Ndiyo, sabuni. Ile miaka madukani hamna kitu, nguo tunafulia majani ya mpapai, tunasugua mpaka vidole vinakuwa vya kijani, na ukisikia duka la ushirika limepata sabuni unaacha chungu jikoni. Hii ya Baba haikuwa hata ya kufulia. Ilikuwa ya kuogea, ya rangi ya waridi, bado imo ndani ya karatasi yake. Aliitoa wapi sikuwahi kujua. Ilinukia maua, na chini ya maua kitu kingine kama mdalasini. Mtu akipita na upepo ukiwa mzuri alikuwa anageuka kabla hajaona kibanda.

Bunduki ilikaa chini ya kitanda, imeviringishwa kanga ya Mama. Mwisho wa Ramadhani, alasiri, wakati futari inachemka na kila mtu kanuna kwa njaa, Baba alikuwa anaitoa, anakaa juu ya kigoda uani na kuifungua. Mie nilikuwa nashika skrubu mkononi zisipotee mchangani. Pale ndipo ile harufu ilipoingia kwangu, mafuta ya cherehani na muhogo wa nazi, pamoja. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye ulimi. Ndivyo alivyokuwa anaita, ulimi, hicho hicho Hafidh anachokiita triga. Alitoa springi ya asili akaweka ya kufuli la ghala, ngumu kama roho ya mwenye nyumba. Akajaribu kwa kidole, akatikisa kichwa, akapiga tupa kidogo, akajaribu tena.

"Baba, mbona unaufanya mgumu?"

"Watu wana mikono mizito. Ukiwa laini watauvunja."

Nikaridhika. Mtoto anaridhika upesi. Nikaona Baba ni fundi mwenye akili, anaijali mali yake.

"Na usimwambie mtu kwamba huwa tunaifungua. Mambo ya uani yanabaki uani. Umesikia, Zuhura?"

Nilisikia. Na hapo ndipo nikaanza kuogopa, maana kitu cha kufichwa kikiingia kwenye kichwa cha mtoto hakikai kimya.

Sasa nieleze kazi yangu. Watu walikuwa wanakuja, wanalipa, wanapiga, wanakosa. Wanavuta ule ulimi mgumu, mdomo wa bunduki unaruka, kandambili inagonga turubai. Wakikosa sana wanaanza maneno. "Fundi, bunduki yako mbovu hii!" Baba alikuwa anasubiri maneno hayohayo.

"Mbovu?" anauliza, kama katukanwa. "Haya. Zuhura!"

Natoka nyuma ya turubai na gauni langu la marinda, utepe kichwani. Baba anaikunja bunduki shingo kujaza upepo, anatia kandambili, kisha anaipangusa kwa kiganja kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako, taratibu, midomo inasema Bismillahi. Ananikabidhi. Naweka shavu, nalenga, nagusa. Kopo dogo la nyanya, chini.

"Mtoto wa kike huyo!" Baba anapaza sauti. "Hajala hata pilau! Mbovu nini sasa?"

Watu wanapiga vigelegele. Napewa sabuni, naibeba kwa viganja viwili, nazunguka nayo mbele ya watu, Baba kashaniambia niwapitishie karibu na pua. Halafu narudi nyuma ya turubai, na Baba anasema hiyo ni ya mwanangu, naweka nyingine. Nyingine gani! Ilikuwa ileile. Karatasi yake ilikuwa na kona moja iliyochanika na mie kona ile naijua kama kovu langu. Niliishinda sabuni ile Iddi baada ya Iddi na sikuwahi kuoga nayo hata siku moja.

Lakini nilikuwa na jicho. Hilo ndilo nililokuwa najua. Mtaa mzima waliniita Jicho. Na nilijua linatoka wapi, kwenye ile Bismillahi. Nilimchunguza Baba vizuri, na niliona kwamba wengine wakipewa bunduki hawapangusiwi. Anaikunja, anatia, anatoa. Mie peke yangu ndiye niliyekuwa napangusiwa. Kwa hiyo siri ya uani nikaipata mwenyewe bila kuambiwa, kwamba Baba ananiombea mie na wengine hawaombei. Nikaona ni dhambi kubwa hiyo. Watu wanatoa hela yao ya sikukuu, na dua anaibania mwanawe. Siku wakijua?

Nilishaona watu wakijua. Kuna mtu alikamatwa na pampu ya baiskeli isiyo yake, karibu na kisima chetu. Waliompiga walikuwa majirani, watu wanaotugawia futari. Kiatu chake kimoja kilibaki njiani mpaka kesho yake na hakuna aliyekigusa. Kwa hiyo kila nilipokuwa nasubiri nyuma ya turubai nilikuwa nakitazama kiatu cha Baba. Alikuwa na makubadhi ya ngozi. Nilikuwa naombea yabaki yote mawili miguuni.

Jambo jingine la Baba lilikuwa ukucha. Dole gumba la mkono wa kulia alifuga ukucha mrefu, mpana, mgumu kama kwato. Mama alikuwa haupendi.

"Baba Zuhura, ukucha huo. Maji ya udhu yanapita wapi?"

"Yanapita."

"Yanapita pembeni."

"Mie fundi, mke wangu. Nautumia."

Mama anaguna. Nami nikadhani anautumia kukwangulia masizi ya majiko.

Iddi ninayotaka kuisimulia, tangu siku ya kwanza kiwanja kilikuwa kimejaa watu wazima kuliko watoto. Sabuni ilikuwa imezidi kuadimika. Na mtu aliyekuja mapema kuliko wote alikuwa Bwana Kitwana, kuli wa bandarini, jitu la mabega, alikuwa anakaa uchochoro wa nyuma yetu. Kila sikukuu alipiga na kila sikukuu alikosa, na wahuni walimfanya ndiyo burudani yao. Mwenyewe alikuwa anacheka nao. Siku ile hakucheka.

"Kitwana, leo tena?"

"Mpeni gunia alilenge, bunduki imemkataa!"

"Fumba macho yote mawili, kaka, labda itakuhurumia!"

Alipiga, akakosa. Akalipa tena, akakosa. Shati lililowa mgongoni. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la turubai, nikaona anavyovuta ule ulimi, mkono mzima unatetemeka mpaka begani, mtu anayebeba gunia la chumvi kama mto wa kulalia. Akalipa tena.

"Pumzika, ndugu yangu," Baba alimwambia chini chini. "Piga la biskuti."

"Sitaki biskuti."

"Basi kesho."

"Fundi, bunduki hii ina nini?" Akasema kwa sauti. "Mie nauliza tu. Ina nini?"

Nilijua nitaitwa.

"Haina kitu," Baba akasema. "Zuhura!"

Nikatoka. Jua kali, macho ya watu wote, harufu ya bisi na vumbi. Baba akaikunja bunduki, akatia kandambili, akaipangusa. Bismillahi. Akanipa. Nikaweka shavu kwenye mbao yenye joto, nikafumba jicho moja.

"Ngoja."

Bwana Kitwana alinyoosha mkono. Haukunigusa. Ulisimama tu hewani mbele ya bunduki, mkubwa kama sinia.

"Mtoto asipige. Nataka niipige mie hiyo hiyo. Kutoka mkononi kwake. Wewe, fundi, usiiguse."

"Hiyo zamu ya mtoto," Baba akasema.

"Nalipia zamu ya mtoto."

"Lete basi niikaze vizuri, nimetia vibaya."

"Umetia vizuri. Nimekuona."

Watu wakaingilia. "Mpe! Haki yake, mpe!" Mwingine akacheka, "Labda bunduki inapenda mikono ya kike!" Lakini nyuma ya kicheko nilisikia sauti nyingine, ile niliyoisikia kisimani. Nikamtazama Baba. Jasho lilikuwa limemsimama juu ya mdomo wa juu. Alikuwa ananitazama kama anataka niseme kitu, na mie nilichoelewa ni kimoja, kwamba dua yangu imeshikwa, imo ndani ya bunduki, na sasa itajulikana. Akipiga hii akapata, kila mtu atajua kwamba tulikuwa tunawanyima. Nikayatazama makubadhi ya Baba. Yote mawili yalikuwepo.

Nikampa Bwana Kitwana bunduki.

Akasimama, akapumua, akashika kwa nguvu zake zote kama alivyozoea. Kabla hata hajaifikisha machoni, ikalia. Pa! Kandambili ikapanda juu ya turubai, ikaangukia kwa muuza ubuyu. Watu walicheka mpaka wengine wakachuchumaa. "Kapiga mbingu! Jamani, kapiga mbingu!"

Nikashusha pumzi. Dua imekataa, nikajiambia. Imemjua siyo mwenyewe.

Lakini Bwana Kitwana hakucheka na hakukasirika. Aliigeuza ile bunduki, akaweka kidole kwenye ulimi, akaugusa. Akaugusa tena, kama mtu anayebonyeza embe. Kisha akamtazama Baba, na wakatazamana. Watu bado wanacheka, wanasukumana, wanamwigiza. Wawili wale walikuwa peke yao.

Mpaka leo nikikumbuka pale mwili unanisisimka. Angefungua mdomo tu. Neno moja. Kiwanja kizima kilikuwa kimeliwa hela na bunduki ile kwa miaka, na miti ya bembea ilikuwa karibu.

Hakufungua mdomo kwa watu. Aliinama mpaka sikioni kwa Baba, na kwa sababu mie nilikuwa katikati yao, nilisikia.

"Fundi. Mke wangu kajifungua. Mtoto tunamuogesha majani ya mpapai, ngozi imemtoka vipele mgongo mzima. Nipe tena moja. Itie wewe mwenyewe."

Akamrudishia bunduki.

Ikunje, itie, ipanguse. Baba alifanya vyote, na mie macho nimeyakodoa, naogopa hata kupepesa. Kiganja kilipita kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Bismillahi, nikaisikia kabisa. Lakini mkono wake ulikuwa umekaa vingine. Siku zote dole gumba lilipita chini ya bunduki, pale mbele ya ulimi, likazunguka kidogo kama linapapasa. Siku ile lilikuwa limekunjwa ndani ya ngumi. Limefichwa, kama mtoto anavyoficha kidole asichomwe mwiba.

Baba akampa bunduki. Bwana Kitwana safari hii aliishika kama kifaranga. Hakuharakisha. Akagusa.

Kopo dogo la nyanya likaruka, likagonga rafu, likaanguka mchangani likazunguka zunguka.

Kelele zilizopanda pale sijawahi kuzisikia tena, hata mpirani. Baba aliichukua sabuni kwa mikono miwili, akampa, akasema, "Hongera." Wahuni walewale wakambeba Bwana Kitwana juu, akawa anawapiga makofi ya kichwa, nishusheni nyie mtaivunja! Alikuwa anaisema sabuni.

Na mie? Nililia. Nililia nyuma ya turubai kwa wivu, siyo kwa kitu kingine chochote. Baba kaitoa dua yangu, kampa mtu mwingine mbele ya watu. Na sabuni yangu imekwenda, na kona yake iliyochanika.

Baba hakuikaza tena bunduki siku ile. Watu walipoona kuli kapata, walijipanga. Na wote wakawa wanapata! Vitoto, wazee, mwanamke mmoja na kikapu chake kichwani. Peremende zikaisha, biskuti zikaisha. Kabla ya adhana ya alasiri rafu ilikuwa nyeupe, na Baba akawa anakunja turubai huku anajibu pongezi za watu kwa neno moja moja.

Mama alitukuta mlangoni. "Mbona mapema? Mmeibiwa?"

"Tumemaliza."

Akakaa kigodani, akaomba wembe. Akaukata ule ukucha wa dole gumba, ukaanguka mchangani kama gamba la kobe. Mama alisimama na mwiko mkononi. "Alhamdulillah," akasema. "Sasa udhu umeingia." Mie nikaenda kulala na gauni langu la sikukuu.

Siku chache baadaye Mama alinichukua kwenda kumtazama mzazi uchochoro wa nyuma. Sikutaka kwenda. Kale katoto nilikuwa nimekachukia kabla sijakaona. Mke wa Bwana Kitwana alikuwa kitandani, kajifunga kanga kifuani, akasema, "Jicho! Njoo umbebe mdogo wako," na kabla sijakataa kakawekwa mapajani pangu, kepesi kama mkate. Mgongo wake ulikuwa bado na alama alama, lakini zimekauka. Nikainamisha kichwa. Utosini kwake kulikuwa kunatoka maua, na chini ya maua, ule mdalasini.

Sikujua sabuni ile inanukiaje ikishakuwa ya mtu. Nilizoea inavyonukia kwenye karatasi. Nikabaki nimeinama pale, pua imegusa nywele, mpaka Mama akaniambia, wewe, utamziba pumzi mtoto wa watu.

Bwana Kitwana akaingia kutoka kazini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Jicho. Mwambie baba yako namsalimu. Mwambie bunduki yake safari hii ilikuwa sawa."

Salamu za watu hufikishwa, na mie nilizifikisha, neno kwa neno, bila kujua nimebeba nini. Baba alikuwa anatengeneza jiko. Akaweka chini bisibisi. Akaingia ndani, akatoka na bunduki, akailaza mapajani kichwa chini.

"Lete kidole chako. Hapa. Unasikia nini?"

Mbele ya ulimi, kwenye kitundu, palikuwa na skrubu ndogo yenye mfereji mpana, inateleza kwa mafuta. Akaizungusha kidogo kwa bisibisi. "Vuta." Nikavuta, laini. Akairudisha. "Vuta." Sikuweza, hata kwa vidole viwili.

"Ndiyo kazi ya ukucha," akasema. "Kulegeza zamu yako, kukaza ukishapiga; kwa Kitwana niliukunja nisikaze." Hakuomba radhi, Baba hakuwa mtu wa hivyo, na mie ni damu yake.

Ilinichukua muda. Nilimuuliza dua je. Akasema Bismillahi ilikuwa Bismillahi kweli, alikuwa anaisema kwa woga. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile tulikuwa tunaogopa wawili, mie mbele ya turubai na nyuma yake, na yeye palepale katikati ya watu, kila mmoja na lake.

"Kwa hiyo mie sina jicho," nikasema.

Akanitazama. Akaikaza ile skrubu mpaka mwisho, akakunja bunduki shingo, akatia kandambili. Akaenda mwenyewe kuweka kopo juu ya ukuta wa uani.

"Piga."

Nikakosa. Akatia nyingine. Nikakosa, nikakosa, kidole kikavimba, nikalia, akanitilia nyingine huku nalia. Mama akatoka akasema mwache mtoto wewe mwanaume, Baba akasema rudi jikoni. Jua likashuka mpaka ukuta ukawa mwekundu. Nikaanza kuelewa kwamba ule ulimi hautaki nguvu, unataka subira, unauvuta polepole kiasi kwamba wewe mwenyewe hujui utalia lini, na pumzi umeiacha iishe. Kopo likaanguka upande wa majirani, tukasikia kuku wanakimbia.

"Haya," Baba akasema. "Hilo jicho sasa ni lako."

Kibanda hakikurudi tena kiwanjani. Bunduki sijui ilikwendaje, ilikuwepo, kisha haikuwepo. Baba naye kaondoka zamani, na ukucha wa dole gumba lake la kulia ulikuwa mfupi mpaka siku tunamwosha kumzika.

"Bibi, imekubali!" Hafidh alikuwa amesharudisha mpini. Akatoka uani akalenga ndoo yangu ya plastiki, akagusa, pa pa pa, rangi ya machungwa kila mahali hadi kwenye ukuta niliopaka juzi. "Umeona? Laini kama siagi. Njoo jaribu, Bibi."

"Wenzio unaocheza nao wanajua umeifungua?"

Akacheka. "Bibi bwana. Kila mtu na yake."

"Wanajua?"

Akawa anafuta mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja, dole gumba la mwisho.

Nikavua kandambili, nikashuka barazani. Nikaichukua ile bunduki mkononi kwake, nikaipima uzito, nikaweka kidole kwenye ulimi wake. Kweli ilikuwa laini. Mtoto yeyote angepata. Nikamrudishia.

"Kaza kwanza," nikamwambia. "Ndipo unipe."